Waya Chini ya Sakafu ya Kasuku

Haya, tulia nikutegee. Nina uzi ambao haujawahi kushona hata kifungo. Ni mwembamba kama unywele, umezikwa ardhini ukiwa mzima, na humo ardhini hauozi wala haunyamazi. Watu wawili wakiushika, mmoja huku na mwingine mwendo wa siku nzima kwa basi, wanaonana mpaka magego. Ni nini?

Usinitajie simu, simu haijazikwa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Na kwa kuwa umeshanipa mji, jibu nakupa bure: ni uzi wa kioo, ule unaopitisha intaneti kwa mwanga. Katika mji wako huo kuna mtaa mmoja wa kilimani ambako watu waliuchimbia mtaro kwa mikono yao wenyewe, na katika mtaa huo kuna nyumba moja yenye mke, mume, na mama mkwe mwenye mdomo. Twende tukawaone.

Mke alikuwa fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kupunguza na kupinda nguo za mitumba zilizozidi urefu, ndiyo maana wakamwita Mama Pindo. Mume ndiye aliyeziuza. Huyo walimwita Baragumu, kwa sababu akipanda juu ya meza yake sokoni na kuinua nguo, hata aliyekuwa stendi alijua bei yake. "Shati la bosi, bei ya tarishi!" Watu walikuja kumsikiliza tu, wakaondoka na suruali wasizozihitaji.

Kisha asubuhi moja aliinua shati, akafungua mdomo, na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta. Maneno yakabaki kichwani yote, ila njia ya kutokea ikaziba.


Chumba cha kikao kilikuwa stoo ya zahanati. Maboksi ya glavu yamepangwa ukutani, mizani ya watoto imefunikwa shuka, na mezani kuna kompyuta iliyotegemea kidude cha intaneti kilichobandikwa dirishani kwa plasta ili kinuse mtandao. Ilikuwa Jumanne, kikao cha tano. Baragumu alikaa katikati, mkewe kulia, mama yake kushoto. Daktari wa matamshi, aliyekuwa katika hospitali kubwa huko mbali, alionekana kwenye kioo kama mtu aliye chini ya maji.

"Mzee, hiki ni nini?" Sauti ilikuja vipande vipande. Daktari aliinua picha ya kikombe.

Baragumu akaitazama. Midomo yake ikaanza kutafuta.

"Kikombe!" akadakia mama mkwe. "Kikombe, daktari. Hata mimi niliyeishia darasa la tatu nakijua."

"Mama, naomba aseme yeye."

"Ndiyo yeye huyo. Mimi nimemzaa, namsemea tu."

Hapo picha ikaganda. Daktari akabaki na mdomo wazi kama mtoto anayesubiri kijiko. Muuguzi akakimbilia dirishani, akakigusa kile kidude, akakigeuza, akakipuliza. Na katika kimya kile, Baragumu, macho yakiwa kwenye kioo kilichokufa, akasema polepole, "Ki... kom... be."

Mama Pindo alilisikia. "Amesema! Nesi, amesema!"

Kioo kikaamka. Daktari alikuwa ameshainua picha ya kiatu. "Na hiki, mzee?"

"Kombe," alikuwa akirudia Baragumu, kwa furaha ya aliyeokota kitu chake. "Kikombe."

"Hapana mzee, hiki ni kiatu." Daktari akainama, akaandika.

"Daktari, hilo ni la kwanza! Amejibu la kwa—" Mtandao ukakata, na safari hii haukurudi.

Walipokuwa wakimvalisha viatu, muuguzi alisimama mlangoni na simu yake mkononi, akiisoma mara mbilimbili kama mtu anayetafuta pa kupunguza makali.

"Daktari ameniandikia," alisema. "Anasema vikao vitano sasa, mgonjwa hajibu, na akijibu anachanganya vitu. Wanaosubiri nafasi ni wengi. Jumanne mbili zinazokuja ni za wagonjwa wengine. Ya tatu ni yake, na ndiyo ya mwisho. Anataka amsikie kwa masikio yake akitaja vitu vitano. Asipotaja, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine."

"Lakini amesema kikombe! Wewe si umesikia?"

"Nilikuwa dirishani, mama. Na hata ningesikia, anataka asikie yeye."

"Tutampeleka huko huko basi," alisema mama mkwe.

Baragumu alitikisa kichwa, mara moja tu, kwa nguvu. Walikuwa wamempeleka mara moja. Njiani mkojo ulimponyoka, kondakta akawahamishia siti ya nyuma kabisa na kuwaomba abiria wafungue madirisha. Abiria mmoja alimtambua. "Jamani, si yule Baragumu?" Tangu siku hiyo, akisikia neno basi alikuwa akigeuza uso ukutani.

"Huo waya wetu wa mtaro," Mama Pindo alimuuliza muuguzi, "umebaki wapi?"

"Kwa Kasuku. Umefika ukutani kwake, hauendi mbele."


Mtaro wenyewe ulianza barabara kuu, mahali ambapo waya wa kampuni ya intaneti ulipita bila kukusudia kusimama. Kampuni ilisema mtaa ule wa kilimani hauna faida. Wenye mtaa wakakaa, wakakubaliana: kampuni itoe waya, wao watoe mtaro, na sehemu ya kwanza kufikishiwa iwe zahanati. Kila nyumba ikapewa hatua kumi mbele ya mlango wake. Mwenyekiti alikuwa fundi bomba, na hakuona ajabu yoyote katika kazi hiyo. "Waya ni bomba tu," alikuwa akisema. "Humu hayapiti maji, yanapita maneno. Lakini bomba ni bomba." Alizunguka na kipande cha bomba kilichotiwa alama ya rangi nyekundu, akikitumbukiza kwenye kila mtaro. Alama isipozama, unashika tena sururu, uwe mwalimu, uwe nani.

Hatua kumi za Mama Pindo zilichimbwa na wanawake wawili na mgonjwa mmoja. Mama mkwe alishika jembe, Mama Pindo mwenyewe akashika sururu, na Baragumu akakaa kwenye kigoda akichota udongo kwa beseni, mkono wa kushoto. Wapita njia walimsalimu kwa kupitia kwa mkewe: "Mzee anaendeleaje?" Naye mzee akiwa pale pale, macho makavu, udongo mpaka kwenye nyusi.

Mtaro ulipanda hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka nyumba ya mwisho kabla ya zahanati. Kulia kwake mwamba, kushoto korongo. Hapakuwa na pengine pa kupita ila uani kwa Kasuku.


Kasuku alikuwa mbebaji wa mabunda ya Baragumu. Miaka sita alisimama chini ya meza ile akinyoosha nguo na kumeza kila tamko la bosi wake, mpaka kikohozi chake, ndipo akapata jina. Siku Baragumu alipoanguka, Kasuku alipanda mezani ili mali isilale. Mwezi wa kwanza alileta fungu la mgonjwa. Wa pili akaleta salamu. Wa tatu hakuleta kitu.

Mama Pindo alipiga moyo konde, akaenda kwake asubuhi ya kesho yake baada ya kikao kile. Alimchukua na mumewe, kwa kuwa nesi alisema atembezwe.

"Aa, shemeji! Karibuni, karibuni." Kasuku aliwapa vigoda. "Kaka anaendeleaje?"

"Si huyu hapa, muulize."

Kasuku akacheka, akamwinamia Baragumu na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "KAKA! UMEAMKAJE?"

Midomo ya Baragumu ikaanza kutafuta. Kasuku alikuwa ameshageuka.

"Najua kilichowaleta," alisema. "Lakini shemeji, iangalie hii sakafu." Waliiangalia. Ua wote ulikuwa umepigwa saruji, laini, ya kijivu, unaweza kumwaga maharage ukayaokota yote. "Haina hata miezi miwili. Ukiikata, umeiua. Kiraka hakifichiki."

"Ni upana wa kiganja tu, shemeji. Na mwenyekiti atakurudishia saruji yako."

"Kiraka hakifichiki," alirudia. Kisha akatazama mlangoni, akavuta kigoda chake karibu, na sauti ya sokoni ikashuka mpaka ikawa ya mtu wa kawaida, tena mwenye hofu. "Tuiache sakafu. Nikwambie ukweli wangu. Nina watoto wanne na koo moja. Waya ukipita, daktari atamfundisha kaka, kaka atapona. Vizuri. Siku atakayorudi sokoni, ile meza itakuwa ya nani?"

Mama Pindo alipima majibu yote mawili. Akisema ni yako, amemzika mumewe akiwa amekaa pembeni yake. Akisema ni yake, waya unaishia ukutani. Alitafuta neno la katikati, hakulipata.

"Unaona?" Kasuku akasimama. "Hata wewe hujui. Na bora kaka mwenyewe hasikii chochote."

Mama Pindo alimshika mumewe mkono. Walipofika getini, Baragumu akasimama. Aligeuka, akamtazama Kasuku, midomo ikatetemeka, mshipa wa shingo ukasimama.

"Nini, mume wangu? Kiu? Haya, tutakunywa nyumbani."

Akamvuta. Baragumu alikubali kuvutwa, lakini njia nzima hakumtazama.


Jumamosi ya wiki iliyofuata watu walikusanyika penye mwisho wa mtaro, wengine wakiwa bado na mabeleshi. Kasuku alisimama mbele ya geti lake, mikono kifuani.

"Sakafu yangu haivunjwi," alisema kwa sauti ya mnada. "Mimi sipingi maendeleo. Napinga nyundo."

Minong'ono ikapita. "Wagonjwa na sakafu, kipi kizito?" "Kwani amezika dhahabu humo?" Mwanamke mmoja wa nyumba ya jirani akapaza sauti: "Mama Pindo, wewe si ulikwenda kwake? Alikwambia nini?"

Nyuso zote zikamgeukia. Mikono ya Kasuku ikashuka kutoka kifuani. Mama Pindo alimwona, na aliona pia nguo za watoto wanne zilizoanikwa nyuma yake, kaptura ndogo zenye viraka kwenye makalio. Angetaka, angemwaga yote pale pale, na Kasuku asingeuza hata soksi katika mtaa ule tena.

"Alinionyesha sakafu," alisema. "Ni nzuri kweli. Hata ningekuwa mimi, nisingekubali ivunjwe."

Kasuku akashusha pumzi iliyosikika mpaka nyuma.

"Na isipovunjwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Nini?"

"Nikipita chini kama fuko, sakafu yenyewe isijue. Nachimba shimo upande huu, shimo upande ule, nasukuma bomba la chuma kwa maji. Ufa hata mmoja ukitokea, nakupigia sakafu mpya, ua mzima."

Kasuku alimtazama Mama Pindo. Mama Pindo akaangalia vidole vyake vya miguu. Sababu ya sakafu ilikuwa imeisha, na ile nyingine haikuwa ya kusemwa mbele za watu.

"Kama haivunjwi..." alisema Kasuku, "basi... haivunjwi."

"Mmesikia wote," alisema mwenyekiti, akavua shati.

Kazi ya kusukuma ilianza Jumatatu, ikachukua siku nne. Bomba lilichongwa meno mdomoni, nyuma likaunganishwa na mpira wa maji. Wanaume wawili waliliuma kwa spana, wakalizungusha na kulisukuma, shubiri moja, wapumzike, shubiri nyingine. Maji yalilainisha udongo mbele, matope yakarudi nyuma. Juu ya sakafu Kasuku alitembea bila viatu, kisha akalala kifudifudi na kubandika sikio kwenye saruji.

"Liko hapa," alisema. "Linakwaruza."

"Mtoto anacheza?" aliuliza mmoja wa wasukumaji, na shimo zima likaangua kicheko. Hata Kasuku alicheka, kidogo.

Siku ya tatu bomba lilikutana na jiwe. Walilisukuma, likagoma. Mwenyekiti akalivuta lote nje, akalirudisha kwa chini zaidi, na asubuhi nzima ikapotea. Mama Pindo alikuwa akichota maji, ndoo kichwani, ndoo mkononi, roho juu juu, kwani Jumanne ya pili ilikuwa imeshapita.

Siku ya nne mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo la upande wa zahanati, akilitazama kwa utulivu wa mkunga. Ghafla udongo ukavimba.

"Kinatoka!" alipiga ukelele. "Kichwa hicho! Sukumeni, wanangu, sukumeni!"

Bomba likachomoza na kutema maji ya matope, yakamwogesha bibi kutoka kilemba hadi miguu. Vigelegele vilipasua mtaa. Bibi alisimama akichuruzika, mikono juu, kana kwamba amelizaa yeye. Na sakafu? Kasuku aliikagua pembe hadi pembe, akipangusa vumbi kwa kiganja. Haikuwa na mstari hata mmoja. Alipoinua kichwa, alikuta Mama Pindo amesimama na ndoo yake.

"Shemeji," alisema Kasuku, kiganja bado kwenye saruji.

"Sakafu nzuri," alijibu Mama Pindo, akapita.


Jumatatu mchana alikuja fundi wa waya, msichana mwenye begi mgongoni. Alifungua mwavuli kuzuia vumbi, akamenya waya ganda kwa ganda mpaka ndani kabisa, ambako nyuzi zenyewe zilikuwa zimelala, karibu hazionekani. Mama Pindo alichuchumaa kando yake na jicho la kazi.

"Unaungaje bila fundo?"

"Mashine inayeyusha ncha mbili, mama, zinakuwa moja."

"Na pindo?"

"Hakuna pindo."

"Basi kazi yangu haiiwezi," alisema Mama Pindo, wakacheka wote wawili. Kwenye boksi jeupe ukutani kwa zahanati taa nne zikawaka kijani. Muuguzi alibandua kile kidude cha dirishani pamoja na plasta yake, akakiweka kwenye droo, akaifunga.

Jumanne asubuhi Mama Pindo alimsimamisha mama mkwe mlangoni pa stoo. Alitoa pini sita kwenye kifuko chake cha kushonea.

"Mama, nakuheshimu sana. Naomba ushike hizi kwa midomo, kama ninavyofanya mimi nikipima nguo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari aage."

"Na nikipiga chafya?"

"Usipige, mama."

Bibi alizipokea, akazipanga kati ya midomo, akaingia kwa maringo kama aliyekabidhiwa kazi ya serikali.

Kioo kiliwaka, na daktari alikuwa pale. Pale kabisa. Alikuwa na kidoti kidevuni na doa la wino kwenye ukosi wa koti, na alikuwa kijana zaidi ya walivyomdhania. Naye aliwatazama, akasogea karibu, akashangaa.

"Jamani! Mzee, kumbe una ndevu za mvi!" Kisha akaweka uso wa kazi. "Haya. Leo polepole. Hiki ni nini?"

Kikombe.

Midomo ya Baragumu ikaanza kutafuta. Ilikwenda mbele, ikarudi, ulimi ukagonga meno. Mama Pindo alibana viganja vyake katikati ya magoti. Neno kikombe lilikuwa limemjaa mdomoni mpaka lilimuuma. Pini za bibi zilitikisika, zikang'aa. Daktari alifungua mdomo aende kwenye picha ya pili, mkono wake ukawa umeshagusa karatasi, kisha akasita. Alikuwa akiitazama midomo ile.

"Ngoja," alijiambia. "Anatafuta."

Pumzi moja, mbili, tano, nane.

"Kikombe," alisema Baragumu.

Daktari akabadilisha picha.

"Na hiki?"

Pumzi saba. "Kiatu."

"Na hiki?"

"U... ufu... ufunguo."

"Hiki?"

"Kitanda."

Cha tano kilikuwa kijiko, na alikitaja kabla pumzi ya nne haijaisha, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyechoka kuulizwa mambo ya kitoto. Bibi alitoa mlio wa puani. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye pini.

Daktari hakushangilia. Alikuwa amevuta faili lake na kulifungua kurasa za nyuma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alisoma, kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kila neno likizidi kuwa zito.

"Kikao cha tatu. Nimeuliza kikombe: kimya. Nimeuliza kiatu: amesema kikombe. Nimeuliza ufunguo: amesema kiatu. Nimeuliza kitanda: amesema ufunguo." Akafunua. "Cha nne. Nimeuliza mlango: kimya. Nimeuliza saa: amesema mlango..." Alipoinua uso, ulikuwa umebadilika. "Mzee, ulikuwa unajibu. Kila swali umelijibu. Mimi nilikuwa naona picha iliyoganda, nadhani umekaa tu. Jibu lako likifika, nimeshahama. Nikakuandika kuwa unachanganya." Akachukua kalamu, akakata mstari mrefu juu ya ukurasa ule, kisha mwingine. "Aliyechanganya ni mimi. Nisamehe."

Baragumu alimtazama. Kona moja ya mdomo, ile nzima, ikapanda.

"Ha... ya," alisema.

"Nafasi yako haiendi kokote. Kila Jumanne, mpaka tuchokane. Na nyumbani, sikilizeni: msimsemee. Hata akikaa kimya mpaka chai ipoe. Neno liko njiani, liacheni lifike."

Mama Pindo aliitikia, na moyoni akaona geti la Kasuku, na mshipa wa shingo uliosimama, na yeye mwenyewe akimvuta mume aende akanywe maji. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Walipotoka, mama mjamzito alikuwa ameshakaa kwenye benchi akisubiri kuonyeshwa kwa daktari wake wa huko mbali, na nyuma yake mzee mwenye bahasha ya picha za kifua. Muuguzi alikuwa akiwapanga kwa sauti ya bashasha. Bibi alitema pini zote sita kiganjani.

"Tano!" aliwatangazia watu wa benchi. "Vitu vitano! Kijiko amekitaja kwa hasira kama marehemu baba yake!"


Jumamosi Baragumu aliamua mwenyewe. Alisimama mlangoni akiwa amevaa shati la mikono mirefu, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea sokoni. Mama Pindo hakumuuliza anataka nini. Alichukua kanga yake, wakatoka.

Waliisikia ile sauti kabla ya kuiona meza. "Shati la bosi, bei ya tarishi!" Kasuku alikuwa juu, mashati mikono yote miwili, jasho likimtoka, na sauti kweli ilikuwa ya Baragumu, ila yenye mkwaruzo mwishoni, ya koo linalofanya kazi ya makoo mawili. Alipowaona, neno lilimkatikia hewani. Wateja wakageuka.

"Ni yeye!" "Baragumu huyo!" "Jamani, mpisheni."

Wakampisha. Aliburuta mguu mpaka mezani, akaweka kiganja cha kushoto juu ya ubao.

"KARIBU KAKA!" alisema Kasuku, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. Kisha, kama kawaida, akamgeukia mke. "Shemeji, mmekuja kutembea?"

Mama Pindo alimtazama mumewe. Kasuku akasubiri, akaona hajibiwi, naye akalazimika kumtazama Baragumu.

Midomo ilikuwa inatafuta.

Mteja mmoja alianza kuuliza bei ya suruali, mwenzake akamfinya. Mahali palipokuwa na kelele kuliko pote mjini palitulia, mpaka ikasikika nguo ikipigwa na upepo kwenye kamba. Pumzi tano. Sita. Mwanamke mmoja alisema, "Anataka—" na Mama Pindo akainua kidole kimoja, yule mwanamke akanyamaza.

"I... ile..." alisema Baragumu.

"Ile nini, kaka?"

"Ile me... za."

Uso wa Kasuku ulibadilika rangi. Aliyashusha mashati taratibu. Alikuwa ameuliza swali lile mara moja tu, kwa sauti ya chini, nyumbani kwake, mbele ya mtu aliyemdhania hasikii.

"Kaka," alisema, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, "ulisikia?"

Baragumu aliinua uso. Alimtazama kijana wake wa zamani kuanzia viatu vyake vilivyopasuka mpaka kwenye lile koo moja, akavuta pumzi kwa kifua kizima, kama zamani.

"Yangu," alisema, na aliyekuwa stendi alisikia. Kisha akapiga ubao kwa kiganja, pale pembeni palipobaki wazi, pa kutosha mtu wa pili.

"Sogea."